Kupachua si kung'oa: Kwa nini kipakatalishi hukataa kutoka gatini

KIPAKATALISHI ni mojawapo ya maneno ambayo Wakenya waliyapokea bila ubishi mwingi. Waliolibuni walichukua kitenzi 'pakata', yaani kumweka mtoto au kitu mapajani, wakakiunga na kipande cha mwisho cha neno 'tarakilishi'. Watanzania husema 'kompyuta mpakato' na mantiki ni ile ile: chombo cha kupakatwa. Ajabu ni kwamba katika ofisi nyingi chombo hiki hakipakatwi. Mwenyewe anapofika asubuhi hukipachika juu ya kifaa kingine kilicholala mezani, ambacho ndicho chenye nyaya zote: ya umeme, ya skrini kubwa, ya printa, ya intaneti na ya diski ya nje. Jioni hukiondoa akaenda nacho nyumbani. Au hujaribu kukiondoa. Makala haya yanahusu ile jioni ambayo kipakatalishi kinakataa kutoka.

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili lina uhusiano gani na safu ya lugha. Uhusiano upo, tena wa karibu sana. Kwa miaka mingi nimesikiliza namna wenzangu wanavyolizungumzia tatizo hili, nikaona kwamba kitenzi anachokitumia mtu ndicho kinachouongoza mkono wake. Anayesema "imegoma" huigombeza mashine. Anayesema "imekwama" hutafuta kitu cha kuchokolea. Na yule bosi wa ghorofa ya juu anayesema "si uing'oe tu!" hutuachia hasara inayolipwa na idara.

Tuanze na jina la hicho kifaa cha mezani. Mafundi niliowasikia, hasa wale wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, hukiita 'doki'. Sina ugomvi na neno la mkopo linalotamkika vyema. Kiswahili kimekopa tangu jadi na bado ki hai. Hata hivyo, kabla ya kukopa ni vizuri kufungua kabati la nyumbani kwanza. Wapwani wana neno 'gati', mahali ambapo meli husogea ikafungwa ili ipakue na kupakia. Mabaharia husema meli imefunga gati. Waingereza walipokibandika kifaa hiki jina lake, waliazima picha hiyo hiyo ya bandari. Kwa nini basi sisi wenye Kilindini na Lamu tuazime kwao picha tuliyo nayo? Nitakiita gati.

Picha ya meli inatufaa kwa sababu nyingine pia. Meli haiondoki gatini kwa kuwa nahodha ana haraka. Winchi husimamishwa, mizigo hufungwa, ngazi hupandishwa, kamba hufunguliwa moja baada ya nyingine, ndipo chombo kikaanza kusogea. Nahodha atakayeondoka na kamba zikiwa zimefungwa ataharibu gati au atakata kamba, na kamba nene ya meli ikikatika kwa kuvutwa inaweza kumuua mtu aliyesimama karibu.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Wanafunzi wa shule za upili wanaijua kauli ya kutendua, ingawa wengi huikariri tu kwa ajili ya mtihani. Ni kauli inayolirudisha tendo lilikotoka. Funga, fungua. Tega, tegua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Kiambishi chake ni -u-, na mzizi ukiwa na irabu o huwa -o-, kama katika chomeka na chomoa. Vitenzi vingi vyenye -ika au -eka mwishoni huangusha kipande hicho kwanza: bandika, bandua, anika, anua, ezeka, ezua, tandika, tandua, pachika, pachua.

Jambo ambalo vitabu vya shule havilisisitizi ni kwamba kutendua ni tendo lenye kumbukumbu. Huwezi kufungua kisichofungwa, wala kuanua nguo ambazo hakuna aliyezianika. Anayetendua sharti ajue nini kilitendwa na kwa mpangilio gani, kwa sababu atarudi kwa njia ile ile kinyumenyume. Aliyevaa soksi kisha kiatu huvua kiatu kisha soksi. Akijaribu vinginevyo tutamcheka.

Linganisha na 'ng'oa'. Umbo lake linafanana na la kutendua, lakini leo hatuna kitenzi ambacho 'ng'oa' ni kinyume chake. Wenzake ni rarua, pasua, bomoa, nyofoa na kwanyua. Vyote vinaishia kwa -ua au -oa, vyote havina mwenza wa upande wa pili katika Kiswahili cha leo, na vyote huacha kidonda. (Najua 'chukua' na 'tambua' pia huishia hivyo wala havimjeruhi mtu; sidai kuwa hii ni kanuni ya sarufi.) Aliyekwanyua tawi la mwembe hana kitenzi cha kulirudishia. Mtu atanikumbusha kuwa tunasema 'kung'oa nanga'. Ni kweli, lakini nanga imejichimbia kwenye matope ya bahari na haina kufuli. Gati la kipakatalishi lina kufuli, lina ndoana, na lina mengine yasiyoonekana kwa macho.

Kipakatalishi hupachikwa, kwa hivyo hupachuliwa. Swali linalobaki ni hili: mtu alipokipachika asubuhi, alitenda matendo mangapi? Yeye anadhani alitenda moja. Alikiweka, akakibonyeza, kikalia "ta!", akaketi. Kwa hakika palitendeka mengi. Ndoana za gati zilishika tumbo la kipakatalishi. Pini nyingi nyembamba ziligusana. Mfumo wa tarakilishi uliitambua diski ya nje, printa na skrini, ukazisajili. Saa nne mtu akafungua faili iliyo kwenye diski ile. Saa sita akatuma kurasa kwa printa. Wakati fulani mwenzake wa usalama akapita akazungusha ufunguo pembeni mwa gati ili mashine isiibwe. Kila moja ya hizo ni kamba ya meli. Jioni mwenye chombo anakumbuka kamba moja tu.

Nitaeleza tukio moja ili msomaji asidhani kuwa haya ni mazungumzo ya sarufi tu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamifu alikuwa akikusanya masimulizi ya wazee wa Wasini na Vanga katika lahaja ya Kivumba. Lahaja hii ina wasemaji wachache, na wanaoijua kwa undani ni wa umri wangu na kuzidi. Alirudi chuoni na kinasasauti kimejaa. Katika chumba cha watafiti aliunganisha kinasasauti kwenye gati, akaunganisha na diski ya nje, akaanza kuhamisha faili. Ilipofika saa kumi na moja, matatu ya kwenda kwao ikikaribia kuondoka, alibonyeza kitufe cha kuachilia. Skrini ikamwarifu kwamba kifaa kingali kinatumika. Akabonyeza tena. Wenzake wanasema alitamka, "Hii kitu imegoma," akaikamata kwa mikono miwili akavuta.

Mashine ilitoka. Ndoana moja ilivunjika, jambo dogo. Kubwa ni kwamba diski haikusomeka tena hadi fundi alipoihangaikia siku mbili. Faili nyingi ziliokolewa. Mahojiano mawili yalipatikana yakiwa yamekatika katikati, na kwenye kinasasauti hayakuwepo tena kwa sababu yeye alikuwa 'akihamisha', si 'akinakili'. Hapa pia kitenzi kilikuwa na maana yake: kinachohamishwa hufutwa kilikotoka mara tu mfumo unapoamini kuwa kimefika kinakokwenda. Alirudi Wasini kurekodi upya. Mzee mmoja alikuwa ameshafariki.

Kwa nini mfumo uliamini kuwa faili zimefika ilhali hazijafika? Kwa sababu mifumo ya tarakilishi husema uongo mdogo kwa nia njema. Diski ya nje ni ya polepole. Ili mtumiaji asingojee, mfumo unaweza kuipokea data ndani ya kumbukumbu yake ya muda, ukatangaza kwamba kazi imekwisha, kisha ukaendelea kuiandika kwenye diski kidogo kidogo. Ni kama karani anayekuambia kuwa barua yako imeshakwenda posta, kumbe iko kwenye trei yake akisubiri zifike kumi ili atume mara moja. Mnyang'anye trei saa hiyo na barua yako haipo popote. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwishoni mwa 2018, mpangilio wa kawaida kwa diski za nje ni ule usiotumia akiba ya namna hii. Lakini ofisi inaweza kuurudisha mpangilio wa zamani ili kuongeza kasi, na hata pasipo na akiba yoyote, nakala iliyo nusu njia ni nusu tu.

Kwa hivyo ule ujumbe wa skrini kwamba kifaa kingali kinatumika haukuwa mgomo. Ulikuwa onyo. Kijana mmoja wa kompyuta pale chuoni ana msemo ambao ningependa uandikwe ukutani. Aliniambia, "Mwalimu, usivute. Uliza kwanza ni nani amekishika."

Sijui kama anafahamu kuwa alikuwa akifanya sarufi. 'Kukwama' ni kitenzi kisichomtaja mtenda. Kitu hukwama tu, kama gari kwenye tope, na hakuna wa kuulizwa. 'Kushikwa' ni kauli ya kutendwa, nayo hudai kijalizo: kimeshikwa na nani? Ukisema kipakatalishi kimekwama umefunga uchunguzi kabla haujaanza. Ukisema kimeshikwa, lugha yenyewe inakusukuma umtafute aliyekishika.

Na mshikaji hupatikana. Mara nyingi si mtu wa ajabu. Ni hati iliyofunguliwa kutoka kwenye diski ya nje ikasahaulika nyuma ya hati nyingine. Ni dirisha linaloonyesha yaliyomo kwenye diski, hata kama hakuna faili yoyote iliyofunguliwa. Ni kazi iliyotumwa kwa printa isiyo na karatasi, nayo inangoja tangu saa sita. Ni programu ya kukinga virusi inayopekua diski, au programu ya kuweka nakala rudufu iliyopangiwa na ofisi kuanza kazi jioni, saa ile ile ambayo watu wanaenda nyumbani (aliyepanga hivyo huenda hana safari). Funga hati, funga madirisha, futa au maliza kazi ya printa, subiri upekuzi uishe. Kisha toa diski kwa amri ya mfumo ya kuondoa kifaa, na baada ya hapo tu ndipo ugeukie gati.

Iwapo umefunga vyote na bado unaambiwa kifaa kinatumika, kuna mahali ambapo Windows huandika jina la mhusika. Watu wachache hupajua. Katika kisanduku cha kutafutia, andika 'eventvwr' na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Litafunguka daftari la matukio ya mashine. Nenda kwenye kumbukumbu za Windows, halafu za mfumo, utafute tukio nambari 225 ambalo chanzo chake ni Kernel-PnP. Tukio hilo hutaja programu iliyozuia kifaa kisiondolewe, pamoja na nambari yake ya utambulisho. Huo ndio ushahidi. Ukishaipata programu hiyo, ifunge kwa njia yake ya kawaida. Ikiwa ni ya ofisi na huifahamu, muulize anayeisimamia.

Kuna kizuizi cha aina nyingine ambacho hakihusiani na faili, nacho ni ruhusa. Windows ina haki maalumu ya mtumiaji ya kuondoa tarakilishi gatini. Kwa desturi watumiaji wa kawaida huwa nayo, lakini msimamizi wa mtandao wa ofisi anaweza kuwanyima. Upo pia mpangilio unaoamua kama mtu anaweza kukiondoa chombo kabla ya kuingia kwa nywila yake. Katika matoleo ya zamani kama Windows XP na Windows 7, amri ya kuondoka gatini ilikuwa kwenye menyu ya kuanzia. Isipoonekana, huenda ndiyo maana. Ningeongeza kwamba haki hii, kama sheria nyingi, huwazuia watiifu tu. Gati lenye ndoana za kawaida zisizoendeshwa kwa umeme haliulizi mtu kama ana ruhusa.

Baada ya programu na ruhusa huja chuma. Hapa kuna jaribio moja ambalo huokoa muda mwingi: kizime kipakatalishi kabisa, kwa utaratibu wa kawaida wa kuzima. Kikizimwa, faili zote hufungwa na data iliyokuwa ikingoja huandikwa. Kikikataa kutoka hata baada ya kuzimwa, katika magati mengi huna tena sababu ya kuilaumu programu. Tatizo ni la chuma.

Angalia ufunguo kwanza. Baadhi ya magati ya ThinkPad, kwa mfano, yana kufuli pembeni, na likifungwa kitufe cha kuachilia hakifanyi chochote. Mtu anaweza kukibonyeza hadi kesho. Magati mengine yana tundu la kebo ya kuzuia wizi, na kebo ikiingizwa humo hulizuia komeo. Nimeona ofisi ambayo kipakatalishi kilikaa gatini wiki nzima kwa sababu aliyekuwa na ufunguo alikwenda likizo, na kila siku mtu mpya aliitwa kuangalia 'programu'. Hakuna programu duniani inayoweza kuzungusha ufunguo ulio Kisii.

Ikiwa hakuna kufuli, au limefunguliwa, tazama kama kipakatalishi kimevalishwa kava la plastiki. Makava hayo hukinga mikwaruzo, lakini yale manene hukiinua chombo kidogo kisikae sawasawa, na ndoana zikashika kwa pembe. Kikandamize kwanza chini taratibu ili uzito uondoke kwenye ndoana, ubonyeze kitufe cha kuachilia hadi mwisho wake, kisha ukiinue wima kwa mikono miwili, pande zote kwa pamoja. Usikiinue upande mmoja kama anayefunua sufuria. Pini za gati ni nyembamba na zimesimama. Ukiinua kwa mshazari unazikunja, na kesho skrini kubwa haitawaka wala hutajua kwa nini. Kisu cha jikoni, bisibisi na rula ya chuma havina kazi hapa. Kama ndoana imevunjika ndani, gati hufunguliwa kwa chini na fundi, na gharama ya gati kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kipakatalishi. Afadhali gati lipasuliwe.

Nimesema 'katika magati mengi' kwa kusudi. Yapo ambayo kuyazima hakusaidii. Surface Book ya Microsoft, iliyozinduliwa Oktoba 2015, ni tarakilishi ambayo skrini yake hupachuliwa kutoka kwenye kibodi. Komeo lake haliendeshwi kwa springi ya kidole. Linaendeshwa na waya wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani ambayo hunywea ikipashwa joto na umeme. (Jina nitinoli lenyewe limeundwa kama tulivyounda 'kipakatalishi': ni-, ti-, na herufi za kwanza za maabara ya jeshi la majini la Marekani ilikogunduliwa. Wanaotucheka kwa kuunganisha vipande vya maneno wajue kwamba na wao hufanya hivyo.) Kwa kuwa komeo hutaka umeme ndipo liachie, mashine iliyoishiwa na betri haiachii. Kadhalika, baadhi ya mashine hizo zina kichakataji cha michoro ndani ya kibodi. Programu inayokitumia kichakataji hicho ikiwa wazi, mfumo hukataa kuitenganisha skrini, na hukutajia programu yenyewe. Tiba ni kuchaji, kufunga programu iliyotajwa, na kama bado, kuiwasha upya. Mkono wenye nguvu hausaidii chochote isipokuwa kuvunja.

Wazo la kuachia kwa umeme si geni. Mwaka 1992 Apple ilitoa gati lililoitwa Duo Dock, ambalo halikuwa bapa la kuwekwa chini ya tarakilishi. Lilikuwa sanduku. Kipakatalishi kilisukumwa ndani kikiwa kimefungwa, na mota ikakivuta kama deki zilivyokuwa zikimeza kaseti za video. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka hofu ya kaseti iliyokataa kutoka, hasa ikiwa ni ya kukodi. Vijana hawaijui hofu hiyo.

Kwa kweli vijana wengi huenda wasilijue hata gati lenye ndoana, kwa sababu siku hizi magati mengi ni kisanduku kidogo kinachounganishwa kwa kebo moja ya USB-C. Hakuna ndoana, hakuna ufunguo, hakuna kinachokataa. Kebo hutoka kwa kuguswa tu. Hili wengi wameliona kama faida, na kwa upande wa chuma ni faida kweli. Kwa upande wa data mimi naliona kama hatari zaidi. Gati la zamani lilikuwa na ukaidi uliompa mtu nafasi ya kufikiri. Kebo haina ukaidi. Diski ile ile ingali nyuma yake, nakala ile ile ingali nusu njia, na hakuna kinachokuzuia isipokuwa wewe mwenyewe kukumbuka kutoa diski kwanza. Kwa kebo hii nashauri tusiseme hata 'chomoa' peke yake. Tuseme 'toa diski, kisha chomoa kebo', vitenzi viwili kwa mpangilio huo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ombi langu kwa watafsiri. Si kwamba Kiswahili hakijaingia ndani ya tarakilishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikaiandalia Windows sura ya Kiswahili. Kasoro ninayoiona katika tafsiri za wanafunzi wangu ni ya kitenzi. Karibu kila amri ya kuondoa huwa 'toa'. Toa diski, toa kebo, toa tarakilishi, toa nakala, toa sauti. Kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi tano, na mbili kati yake zinapingana: 'kutoa nakala' ni kuongeza, 'kutoa diski' ni kupunguza. Mtu aliye na haraka hawezi kutegemewa kubainisha. Lugha yenye pachua, chomoa, bandua, tegua na fungua haina sababu ya kujinyima hivyo.

'Ondoa kwa usalama' nayo inahitaji kutazamwa. Askari wa langoni akisoma maneno hayo ataelewa kwamba kitu kiondolewe kwa sababu za kiusalama, yaani haraka na sasa hivi. Kinachokusudiwa ni kinyume chake kabisa. 'Ondoa salama' ni afadhali kidogo. 'Maliza kwanza, kisha ondoa' ni ndefu zaidi, lakini haina utata.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya hotuba za sikukuu pekee. Kibandiko kilicho kwenye gati la ofisi ya umma ni maandishi rasmi pia, na karani ambaye amefanya kazi miaka ishirini kwa Kiswahili na lugha ya kwao anastahili kukielewa bila kumwita mjukuu.

Mwezi uliopita niliombwa kuandika kibandiko kama hicho kwa chumba cha watafiti. Nilijaribu matoleo kadhaa, yakawa marefu mno. Profesa hawezi kuacha kufafanua. Hatimaye lilibaki hili: "Kimeshikwa na nani? Funga faili. Toa diski. Zima. Fungua kufuli. Pachua wima." Kijana wa kompyuta alilisoma mara mbili, akalibandika juu ya gati, kisha akaongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: "Ufunguo uko kwa karani, chumba cha mwisho. Hutoka saa kumi kamili."